Kusomea Tiba ya Kichina: Anza na Leseni, Ada Baadaye

Anayetaka kusomea akupancha na tiba ya jadi ya Kichina huuliza ada kwanza. Beijing ni kiasi gani, Nanjing ni kiasi gani, kuna kozi ya Kiingereza, inachukua miaka mingapi? Ni maswali ya haki, maana fedha zenyewe mara nyingi hutoka kwa mzazi aliyeuza kiwanja au kwa ndugu waliochangishana. Hata hivyo ada ndiyo sehemu ya gharama iliyo rahisi kuijua. Kinachopima thamani ya shahada hii ni nchi utakayofanyia kazi ukishaipata, kwa sababu cheti kinachokupa leseni mahali pamoja, mahali pengine kinakuacha na ujuzi usio na pa kuutumia. Kwa hiyo hesabu yangu inaanzia mwisho: utamtibu nani, wapi, na kwa kibali cha nani.

Tuanze nyumbani. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Baraza hilo ndilo linalosajili watoa tiba, vituo vyao na dawa zao, na akupancha inahesabiwa upande wa tiba mbadala. Uganda ilipitisha sheria yake ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2019. Kenya, kupitia Sheria ya Afya ya 2017, inazitambua tiba ya jadi na tiba mbadala na kutaka ziwekewe utaratibu wa kusimamiwa. Kwa maneno mengine, mlango upo katika nchi zote tatu, ila si mlango ule wanaopitia madaktari wa hospitali.

Hapo ndipo penye mtego, na naomba mzazi anayesoma ukurasa huu aupitie mara mbili. Mhitimu wa kozi ya tiba ya Kichina ya miaka mitano katika vyuo vikuu vya China hutunukiwa shahada ambayo kwa Kiingereza huandikwa kama shahada ya kwanza ya udaktari wa tiba, kisha pembeni ndipo linapotajwa somo lenyewe, tiba ya Kichina. Wakala anayesaka wateja anakuonyesha neno la kwanza na kulifunika la pili. Baadhi ya vyuo hivyohivyo vya tiba ya Kichina vinafundisha pia udaktari wa kawaida, na vina kozi ya tatu inayochanganya tiba ya Kichina na ya kisasa. Majina matatu yanafanana, barua ya kukubaliwa ina muhuri uleule mwekundu, lakini mhitimu wa tiba ya Kichina akirudi Dar es Salaam haendi kuomba usajili kama daktari katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Anakwenda kwenye baraza la tiba mbadala. Kama ndoto ya kijana ni koti jeupe la wodi ya upasuaji, asipande ndege hii.

Njia ya kuukwepa mtego haina gharama kubwa. Kabla ya kulipa hata senti ya maombi, andika barua kwa baraza la nchi yako, taja jina la chuo na jina la kozi kama lilivyo kwenye tangazo lao, kisha uliza kwa usajili gani mhitimu wake angepokelewa. Mtanzania aulize vilevile Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo na tuzo hiyo vinatambuliwa. Subiri majibu ya maandishi. Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia miaka sita baadaye, na aliyekujibu huenda atakuwa amehamishwa.

Sasa, unanunua nini hasa unapolipia kozi hii? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya akupancha mwaka 1999, na namba zake bado ni kipimo kizuri cha mnunuzi. Asiye daktari anayetaka kuifanya akupancha iwe kazi yake anatakiwa apate saa 2,500 za mafunzo, darasani na kwenye kliniki. Daktari anayetaka kuijua kwa ukamilifu, saa 1,500. Daktari anayetaka kuitumia kwa mambo machache tu ndani ya kazi yake, saa zisizopungua 200. Ukikutana na tangazo la "diploma" ya akupancha ya wiki mbili, zidisha siku kwa saa: siku kumi za saa sita ni saa 60. Hata daktari bingwa hafikii theluthi moja ya kiwango chake cha chini kwa kozi hiyo, sembuse mtu aliyetoka kidato cha sita.

Saa hizo nyingi zina sababu. Mwanafunzi anajifunza nukta 361 za mwilini zilizopangwa kwenye mistari kumi na minne, kila moja na jina, mahali, kina cha sindano na hatari yake. Chukua ile iitwayo Zusanli, mojawapo ya nukta zinazotumika sana. Unapinda goti, unatafuta kishimo cha nje chini ya kilegesambwa, unashuka upana wa vidole vinne, kisha unasogea upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa mfupa wa ugoko. Vidole vinavyopima ni vya mgonjwa, si vyako, kwa sababu mguu unaopimwa ni wake. Wiki za mwanzo sindano, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, inachomwa kwenye mto mdogo wa pamba au bunda la karatasi laini mpaka iache kupinda. Halafu mwanafunzi anajichoma mwenyewe kwenye Zusanli hiyo, akisikilizia ule uzito wa polepole ambao Wachina huuita deqi. Baadaye wanachomana wenyewe kwa wenyewe darasani. Ipo nukta ya begani, Jianjing, ambayo chini yake kuna ncha ya pafu, na sindano iliyozama kupita kiasi inaweza kutoboa pafu hilo. Iko Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo kwa mama mjamzito haiguswi. Mambo hayo hayafundishiki kwa video. Chuo kinachokuahidi cheti cha akupancha bila mwalimu kusimama pembeni ya kitanda kinakuuzia karatasi.

Na hiyo ni sindano tu. Tiba ya Kichina kamili ina dawa za mitishamba, mia kadhaa, pamoja na michanganyiko yake ya kale inayokaririwa kwa mashairi mafupi. Ina usomaji wa ulimi na mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, ina kukanda, ina moksa, yaani majani makavu ya jamii ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi, na ina kuumika kwa vikombe, jambo ambalo watu wa pwani wanaojua chuku na hijama hawatalishangaa. Mwanafunzi kutoka Unguja atakutana na karafuu kwenye rafu ya maabara, kwa jina la dingxiang, ikitajwa kama dawa ya kupasha tumbo na kutuliza kwikwi. Anatomia, fiziolojia na magonjwa kwa elimu ya kisasa vimo pia, na vinachukua sehemu kubwa ya ratiba.

China ndiyo nchi wanayoifikiria wengi, na kwa sababu nzuri. Vyuo vya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu vilianzishwa wakati mmoja, mwaka 1956, na vya Nanjing na Tianjin ni vya rika hilohilo. Vina hospitali zao wenyewe, ambako mwanafunzi anaona wagonjwa kwa idadi ambayo kliniki ya chuo cha Ulaya au Marekani haiwezi kumpa. Kozi ni ya miaka mitano, wa mwisho ukiwa wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kwa Mzanzibari kuna uhusiano wa ziada: kikosi cha kwanza cha madaktari wa China kiliingia visiwani mwaka 1964 kutoka mkoa wa Jiangsu, ambao mji wake mkuu ni Nanjing, na vikosi vya mkoa huo vimeendelea kupokezana hadi leo. Bara walikuja mwaka 1968 kutoka Shandong. Katika vikosi hivyo mara nyingi huwamo mtaalamu wa akupancha. Kijana anayedhani ameipenda kazi hii angeomba ruhusa ya kukaa naye kwenye chumba cha tiba hata kwa wiki chache. Ni jaribio la bure la jambo litakalogharimu mamilioni.

Tupige hesabu ya anayejilipia mwenyewe. Nakadiria yuan moja kuwa shilingi 350 za Tanzania au 18 za Kenya, nawe badilisha kwa kiwango cha siku yako. Ada ya kozi inayofundishwa kwa Kichina kwa mgeni huwa kati ya yuan 20,000 na 40,000 kwa mwaka kutegemea chuo. Za Kiingereza kwa kawaida ziko juu zaidi. Tuchukue 25,000. Chumba cha hosteli tukiweke 9,000 kwa mwaka, chakula na matumizi 2,000 kwa mwezi, bima ya lazima ya wanafunzi wa kigeni 800 kwa mwaka. Hapo mwaka mmoja unafika yuan 58,800, na miaka mitano 294,000. Lakini asiyejua Kichina hawezi kuanza darasa la Kichina, kwa hiyo ongeza mwaka wa lugha: ada tuseme 18,000, na matumizi mengine yaleyale, jumla 51,800. Miaka sita inafika yuan 345,800, yaani shilingi milioni 121 za Tanzania au milioni 6.2 za Kenya, kabla ya tiketi, viza, vitabu na kibali cha kuishi. Familia ya mwalimu na muuguzi haiwezi kubeba mzigo huo bila kuuza kitu kikubwa, na sioni sababu ya kuubeba wakati upo ufadhili.

Ufadhili wa Serikali ya China unafuta karibu kila mstari wa hesabu hiyo. Unalipa ada, chumba na bima, na unampa mwanafunzi wa shahada ya kwanza posho ya yuan 2,500 kwa mwezi, wa uzamili 3,000, wa uzamivu 3,500. Kinachobaki kwa familia ni tiketi, isipokuwa kama makubaliano ya nchi mbili yanaihusisha, pamoja na viza, vipimo vya afya na fedha za kuanzia maisha. Masharti yake lazima uyajue mapema kwa kuwa hayapindi. Umri ni chini ya miaka 25 kwa shahada ya kwanza, chini ya 35 kwa uzamili, chini ya 40 kwa uzamivu. Mfadhiliwa wa shahada ya kwanza husoma Kichina mwaka mzima kwanza, na asipofaulu haendelei. Maombi hufunguliwa miezi ya mwanzo ya mwaka kupitia ubalozi au chuo chenyewe, na kuomba hakuhitaji wakala. Anayekutoza dola mia kadhaa ili "akupatie nafasi" anakuuzia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe mezani kwako.

Hilo la lugha lina nafasi ya kuokoa fedha ambayo wengi hawaioni. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, tangu 2005, ya kwanza barani Afrika. Dar es Salaam na Dodoma zinazo tangu 2013, Makerere tangu 2014, na Kigali na Bujumbura pia zipo. Kiwango cha nne cha HSK, mtihani wa lugha ya Kichina, ambacho vyuo vingi vya tiba hukitaka, katika mfumo uliotumika kwa miaka mingi kinadai maneno takriban 1,200. Mtu anaweza kukifikia nyumbani akisoma jioni huku anaishi kwa wazazi, kisha akaondoka na mwaka mmoja mfukoni. Anayejilipia ataokoa zile yuan 51,800. Anayeomba ufadhili atakuwa na cheti ambacho waombaji wengine hawana.

Vipi kuhusu kozi za Kiingereza? Zinavutia kwa sababu unaanza mara moja. Mimi nina wasiwasi nazo, na sababu ni kliniki. Bibi wa Nanjing aliyelala kitandani na maumivu ya nyonga hamwelezei mwanafunzi kwa Kiingereza kama maumivu yake yanazidi kwa baridi au kwa joto, na maswali ya namna hiyo ndiyo utambuzi wote katika tiba hii. Mwanafunzi wa Kiingereza anategemea mwalimu amtafsirie, na mwalimu ana wagonjwa arobaini nje ya mlango. Vitabu vya kale navyo vimeandikwa kwa Kichina cha zamani ambacho hata wanafunzi wa Kichina husomeshwa kama somo la pekee. Kulipa zaidi ili upate kidogo hospitalini ni biashara mbaya. Kozi ya Kiingereza naikubali kwa mtu wa aina moja tu, yule ambaye tayari ni mtaalamu wa afya.

Na mtaalamu huyo, kwa kweli, ndiye ninayemwona ana nafasi nzuri kuliko wote. Daktari, afisa tabibu, muuguzi au mtu wa fiziotherapia ana usajili wake, ana wagonjwa wenye mgongo, goti na shingo wanaorudi kila wiki kuchukua vidonge vya maumivu. Hahitaji miaka sita. Beijing, Shanghai na Nanjing zina vituo vya kimataifa vya mafunzo ya akupancha vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya wataalamu wa nje, na kozi yao iliyozoeleka ni ya miezi mitatu, nusu darasani na nusu hospitalini. Gharama yake kubwa ni mshahara unaoukosa na chumba cha miezi hiyo. Anarudi kazini, anaongeza sindano kwenye tiba anayoitoa tayari, baada ya kuuliza baraza lake la taaluma kama linaruhusu na kwa mipaka gani.

Kuna pia njia ya mitishamba pekee, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Vyuo vya tiba ya Kichina vina shahada ya dawa za Kichina, ya miaka minne, inayofundisha kutambua mmea, kuukausha, kuuchambua maabara na kuupima usalama wake. Tu Youyou, mtafiti aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinin, alitoka upande huo wa famasia, na matunda ya kazi yake yamo kwenye dawa mseto ya malaria inayopatikana kila zahanati kwetu. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili inafanya utafiti wa mimea yetu wenyewe. Kijana anayependa kemia kuliko kugusa wagonjwa angeitazama njia hii kwa makini, kwa sababu ujuzi wake unahama kutoka mmea wa China hadi mmea wa Lushoto.

Mitishamba ina hatari zake, na chuo kizuri hakizifichi. Miaka ya 1990 huko Ubelgiji zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, uliochanganywa kimakosa na mwingine. Muulize mwalimu wako anafundishaje kisa hicho. Mwulize pia kuhusu ejiao, gundi ya ngozi ya punda inayotumika kama dawa ya damu. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2024 marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, baada ya wafugaji wa bara hili kuibiwa wanyama wao usiku. Mhitimu atakayefanya kazi Singida au Kajiado anatakiwa ajue kuandika dawa bila bidhaa hiyo.

Afrika Kusini naitaja kwa kifupi, ingawa kwa Mtanzania au Mkongo inastahili simu moja. Huko akupancha na tiba ya Kichina ni taaluma yenye usajili wa kisheria chini ya baraza la AHPCSA, na Chuo Kikuu cha Western Cape, pale Bellville karibu na Cape Town, kina skuli ya tiba asilia yenye mafunzo ya miaka mitano kwa Kiingereza. Hakikisha kwanza kama mwaka unaotaka wanapokea wanafunzi wa somo la Kichina. Tanzania na Kongo ni wanachama wa SADC, na itifaki ya elimu ya jumuiya hiyo ya mwaka 1997 inataka mwanafunzi wa nchi mwanachama atozwe ada kama mwenyeji. Mkenya na Mganda hawamo, kwa hiyo hesabu yao itakuwa tofauti.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Huko akupancha husomwa kwa ngazi ya uzamili. Kiwango cha chini cha ithibati ni miaka mitatu ya masomo na saa 1,905 kwa akupancha peke yake, au miaka minne na saa 2,625 ukiongeza mitishamba. California inadai saa 3,000 na ina mtihani wake, na majimbo mengi mengine hutumia mitihani ya bodi ya taifa ya akupancha, iliyojulikana kwa miaka mingi kama NCCAOM. Ada yote huwa kati ya dola 60,000 na 100,000. Kwa kijana anayetoka Mombasa kwa viza ya mwanafunzi, bila mkopo wa serikali na bila uhakika wa kubaki, sioni hesabu inayokubali. Ada hiyo peke yake inazidi gharama zote za China, na leseni utakayoipata ni ya jimbo la huko, haina uzito wa pekee Dodoma.

Kwa ndugu zetu wanaoishi kule tayari, Minneapolis, Dallas au Columbus, wenye ukaazi au uraia, swali linabadilika. Anayetaka leseni ya Marekani asidanganyike na wazo la kwenda kusoma kwa bei nafuu China kisha arudi kufanya mtihani. Inawezekana katika baadhi ya njia, lakini atathminiwe kwanza na bodi husika kabla ya kuondoka. Akisomea hukohuko, aangalie mikopo kwa makini. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa ziada wa serikali uliokuwa ukijaza pengo lote la wanafunzi wa uzamili umefungwa kwa wakopaji wapya, na kwa uzamili wa kawaida ukomo ni dola 20,500 kwa mwaka. Kozi ya miaka minne yenye ada ya 25,000 kwa mwaka inaacha pengo la dola 18,000 kabla ya kodi ya nyumba. Aangalie pia uhai wa chuo chenyewe. Oregon College of Oriental Medicine cha Portland, kilichoanzishwa 1983 na kuheshimika sana, kilifungwa mwaka 2024. Kabla ya kusaini, uliza chuo kina wanafunzi wangapi wapya mwaka huu ukilinganisha na miaka mitano iliyopita, na kikifungwa utahamishiwa wapi.

Soko la huko lina dalili moja nzuri. Tangu Januari 2020 bima ya wazee, Medicare, inalipia akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini, hadi mara 12 kwa siku 90 na nyongeza ya mara 8 kwa anayepata nafuu. Tatizo ni kwamba mtaalamu wa akupancha hawezi kuidai Medicare moja kwa moja kwa jina lake. Hupitia kwa daktari au kliniki yenye haki hiyo. Uingereza haina leseni ya kisheria ya akupancha, ila Baraza la Akupancha la Uingereza linaidhinisha kozi za miaka mitatu na halmashauri za miji hukagua vyumba vya kuchomea sindano. Mwongozo wa Aprili 2021 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba, uliiruhusu akupancha kwa maumivu sugu ya aina fulani, wakati ule wa 2016 ulikuwa umeikataa kwa maumivu ya mgongo.

Kupanda na kushuka huko kunatokana na utafiti wenyewe, na anayelipa miaka mitano ya maisha yake ana haki ya kuujua. Jaribio kubwa la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2007 lilihusisha wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo. Kati ya waliochomwa kwenye nukta za Kichina, asilimia 47.6 walipata nafuu, kati ya waliochomwa juujuu mahali pasipo nukta asilimia 44.2, na kati ya waliopewa tiba ya kawaida asilimia 27.4. Kwa mgonjwa, sindano ilishinda vidonge na mazoezi. Kwa nadharia ya nukta, tofauti ya namba mbili za kwanza ni ndogo mno. Mimi naamini mtu anaweza kuwa mganga mzuri na mkweli akiwa na namba hizo kichwani: akatibu maumivu kwa moyo wote, na mwenye kisukari au saratani akampeleka hospitali siku hiyohiyo. Mpe afisa udahili wa chuo matokeo haya na usikilize anavyojibu. Anayekuambia sindano zinaponya kila ugonjwa hafai kukufundisha.

Pima pia kile ambacho hakimo kwenye kijitabu cha chuo chochote, yaani mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu. Chumba chenye dirisha na maji, vitanda viwili, pazia kati yao, kontena la kutupia sindano zilizotumika na mkataba wa mtu wa kuziteketeza, ada ya usajili wako na ya kituo, leseni ya biashara. Sindano za kutumia mara moja ndizo nafuu kuliko vyote hivyo. Wagonjwa hawatajaa mwezi wa kwanza, na kodi ya chumba mara nyingi hudaiwa ya miezi sita kwa mpigo. Katika familia inayopanga kumsomesha mtoto tiba hii, fungu hilo liwekwe kando kabla hajaondoka, kwa jina lake, kwenye akaunti ambayo haitaguswa kwa ajili ya tiketi.